WATU WA TALAI: KUTOKA MILIMA YA CHAI MPAKA GWASSI

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kericho huanza safari yake katika nchi tambarare ya Kano, penye mpunga, joto na mbu wengi. Akiisha kupita Ahero na Awasi, gari huanza kupanda. Hewa hubadilika, mashamba ya miwa huachwa nyuma, na kabla ya kufika mjini macho yake hukutana na chai: chai pande zote, imekatwa sawasawa kama zulia, kutoka kando ya barabara mpaka ukingo wa msitu wa Mau. Kericho iko yapata meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, nayo hupata mvua karibu miezi yote. Ndiyo sababu mchumaji hapumziki. Juma hata juma hurudi kwenye mstari ule ule kuchuma majani mawili na chipukizi lake.

Mgeni aionapo nchi hiyo ilivyotulia hudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Chai ya Kericho ina umri wa miaka mia moja hivi tu. Na kila kilima cha Kericho na Bomet kina habari ya watu waliokuwako wakaondoka, au waliokuja wakafukuzwa, au waliofukuzwa wakarudi wakakuta pao hapapo tena. Katika habari hizo zote hakuna iliyo nzito kuliko ile ya ukoo wa Talai, ambao kwa sheria moja ya mwaka 1934 ulihamishwa wote, wazee kwa watoto wachanga, ukapelekwa kukaa Gwassi katika vilima vilivyo kando ya Ziwa Viktoria, na kuzuiliwa huko mpaka mwaka 1962.

Talai ni ukoo wa orkoiyot. Wazungu waliwaita "laibon", nalo ni neno la Kimasai wala si la Kikipsigis. Hata sheria iliyowahamisha iliandikwa kwa jina hilo la kuazima. Orkoiyot alikuwa mtu wa kuombwa shauri kabla ya vita, kabla ya kupanda na wakati wa ukame. Hakuwa mfalme. Lakini neno lake lilisikiwa mbali, na serikali yo yote mpya ingetaka kujua neno hilo linasema nini.

Wazee husimulia kwamba asili ya Talai ni waganga wa Wamasai waliokimbilia kwa Wanandi katika karne ya kumi na tisa, baada ya Wamasai wa Uasin Gishu kushindwa vitani. Karibu mwaka 1890 orkoiyot wa Wanandi aliyeitwa Kimnyole aliuawa na watu wake wenyewe, maana walimlaumu kwa balaa zilizoipata nchi. Wanawe wakagawanyika. Koitalel arap Samoei alibaki Nandi. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, alikwenda kwa Wakipsigis, nao wakampokea. Kwa hiyo Talai walifika Kericho wakiwa wageni walioponea balaa ya kwao, na katika muda wa kizazi kimoja wakawa watu wenye heshima kuu katika nchi hiyo.

Muda huo ulikuwa mfupi. Reli ya Uganda ilifika ziwani mwaka 1901, nayo ilipita ukingoni mwa nchi ya Wakipsigis. Siku zile Wazungu waliwaita Wakipsigis "Walumbwa", na kituo cha reli kikaitwa Lumbwa. Leo chaitwa Kipkelion. Mwaka 1905 Serikali ilipeleka askari Sotik chini ya Major Pope-Hennessy kuwaadhibu watu waliokuwa wamewavamia Wamasai, wakateka wanawake, watoto na ng'ombe, kisha wakakataa kuwarudisha. Watu wengi waliuawa katika safari hiyo, na mifugo mingi ikachukuliwa. Mwaka huo huo, tarehe 19 Oktoba, Koitalel alipigwa risasi na Captain Richard Meinertzhagen huko Nandi, mahali walipokutana kwa mazungumzo ya amani. Mwaka 1914 ikawa zamu ya Kipchomber. Alikamatwa pamoja na nduguze, wakapelekwa kukaa katika nchi ya Wakikuyu, mbali na watu wao. Kipchomber alifia huko uhamishoni mwaka 1916.

JINSI CHAI ILIVYOFIKA

Ardhi yenyewe ilikwenda kwa hatua. Sheria za Ardhi za mwaka 1902 na 1915 ziliitia mikononi mwa Serikali ardhi ambayo wenyeji waliihesabu kuwa yao. Katika upande wa Sotik walowezi waliwekwa kama ukuta katikati ya Wakipsigis na Wakisii. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, eka karibu 25,000 za nchi nzuri ya Kericho zilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Mpango wao ulikuwa kulima kitani. Bei ya kitani ikaanguka ghafula, na mpango ukaanguka pamoja nayo. Hapo tena ungedhani kwamba ardhi ingerudishwa kwa waliotolewa. Haikurudi. Katika miaka ya 1924 na 1925 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho, na kilimo cha chai kikaanza kwa nguvu nyingi. Chai ilikuwa imekwisha kupandwa Limuru tangu mwaka 1903, lakini ni Kericho iliyoifanya iwe mali ya nchi nzima.

Yafaa kutaja jambo moja hapa, kwa sababu husahauliwa mara nyingi. Wakipsigis waliosukumwa katika rizavu hawakukaa bure wakilia. Walinunua plau za kukokotwa na maksai, wakajenga vinu vya kusaga kwa nguvu ya maji, wakalima mahindi na kuyauza kwa mashamba yale yale ya chai kuwa posho ya vibarua. Kuchuma chai chenyewe wengi hawakukutaka. Mwenye ng'ombe na plau haoni sababu ya kuamshwa alfajiri na nyapara. Kwa hiyo kampuni zilitafuta vibarua mahali pengine, na watu wakaja kutoka nchi ya Waluo, Wakisii na Waluhya, wakakaa katika nyumba za safu zinazoitwa laini. Wengine walizaa watoto humo, na watoto wao wakazaa humo humo. Habari yao itafuata, maana nao walikuja kuonja uchungu wa kuondolewa.

SHERIA YA MWAKA 1934

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wizi wa ng'ombe ulizidi katika mashamba ya walowezi, na Serikali ilisadiki kwamba mashina ya wizi huo yalikuwa katika Talai. Yawezekana kwamba baadhi yao walihusika. Hakuna ukoo wenye malaika watupu. Lakini mwizi hushtakiwa kwa jina lake, huletwa mbele ya hakimu, mashahidi husikiwa, na akionekana na hatia hufungwa yeye. Sheria ya Kuwaondoa Malaibon haikufuata njia hiyo. Iliwapa wakubwa uwezo wa kuwahamisha watu kwa sababu ya ukoo wao. Mtoto wa Talai aliyezaliwa jana alikuwa chini ya sheria hiyo sawasawa na babu yake, na mwanamke aliyeolewa katika ukoo huo alikwenda na mumewe.

Watu wapatao 700 walihamishwa, kwa mafungu, wakapelekwa Gwassi. Siku hizi mahali hapo pamo katika kaunti ya Homa Bay. Zamani pakiitwa Kavirondo ya Kusini. Msomaji aliyepata kufika huko anajua kwamba ni nchi ya kupendeza kwa macho. Vilima vyake vinatazama ziwa na visiwa vya Mfangano na Rusinga. Lakini katika miaka ya 1930 ilikuwa na watu wachache, na uchache huo ulikuwa na sababu zake. Jirani na Gwassi liko bonde la Lambwe, makao ya mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Na kando ya ziwa lipo joto na wapo mbu wa malaria mwaka mzima.

Mkulima hahitaji kuambiwa na daktari jinsi mambo yalivyokuwa. Ng'ombe wa nyanda za juu akishushwa katika nchi ya mbung'o hukonda, manyoya husimama, macho hutoa machozi, kisha hufa. Watu wa Talai waliishi kwa maziwa, na maziwa ya kibuyu, mursik, ndiyo chakula cha mtoto, cha mgeni na cha arusi. Ng'ombe wakiisha kufa, hakuna mahari, na kijana hawezi kuoa. Na mwili wa mtu pia una mazoea yake. Mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa huumwa na mbu tangu uchanga, naye akipona mara kadha mwili wake hujifunza kupigana na homa. Mtu mzima aliyekulia Kericho, ambako malaria huja kwa mlipuko na kuondoka, hana kinga hiyo. Hupigwa na homa kama mtoto mchanga, na mwanamke mwenye mimba hupigwa zaidi kuliko wote, hata mara nyingi mimba huharibika. Wazee waliorudi wamesimulia mambo hayo hayo, mwaka hata mwaka, mbele ya kila tume iliyowasikiliza: homa, mimba zilizoharibika, ng'ombe waliokwisha.

Kutoka Gwassi kulihitaji ruhusa. Asiye na ruhusa akionekana njiani alikamatwa na kurudishwa. Hivyo ndivyo watu wale walivyotofautiana na wakimbizi wa kawaida. Mkimbizi hukimbia hatari na kwenda mahali anapotumaini usalama. Watu wa Talai walitolewa mahali pa usalama na kufungiwa penye hatari.

Wenyeji wa huko, Wasuba, hawakuwa na ugomvi nao. Masimulizi ya Wasuba yenyewe yanasema kwamba wengi wa babu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi wakikimbia ugomvi wa kiti cha ufalme wa Buganda. Kwa hiyo wazao wa waliofukuzwa zamani walipata majirani waliofukuzwa juzi. Ni jambo la kustaajabisha jinsi mwambao wa ziwa lile ulivyokusanya watu wa namna hiyo.

KURUDI

Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, watu wa Talai waliruhusiwa kurudi Kericho. Miaka 28 ilikuwa imepita. Aliyechukuliwa mgongoni wakati wa kwenda alirudi mtu mzima mwenye watoto. Wengi wa wazee waliojua mipaka ya mashamba yao, mti gani na kijito gani, walikuwa wamezikwa Gwassi.

Nao waliorudi walikuta nini? Walikuta kwamba rizavu imejaa, na ardhi iliyokuwa nje ya rizavu imekuwa chai. Miaka ile ile Serikali ilikuwa ikinunua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika kwa mikopo, lakini anayetaka kuingia katika mpango wa namna hiyo huhitaji fedha kidogo za kuanzia, ama mtu wa kumsemea. Watu wa Talai hawakuwa na fedha, na miaka 28 nje ya nchi yao iliwaacha bila wa kuwasemea. Jamaa nyingi zilikaa kando ya mji wa Kericho katika vipande vidogo vya ardhi wasivyo na hati navyo, zikitafuta kazi za kutwa. Wajukuu wao wamo humo hata leo. Mtu asiye na shamba katika nchi ya wakulima ana taabu nyingi, na mojawapo ni hii, kwamba mzee wake akifa hana pa kumzika.

Huku nyuma chai iliendelea kukua. Mwaka 1964 ikaundwa Halmashauri ya Ustawishaji wa Chai, K.T.D.A., na wakulima wadogo wa Kericho na Bomet wakaanza kupanda chai yao wenyewe katika eka moja au mbili. Maelfu ya watoto wamesomeshwa kwa fedha ya majani hayo. Hilo nalo ni kweli, wala halifai kufichwa kwa kuwa linasimama karibu na habari ya huzuni.

WATU WA LAINI

Sasa turudi kwa wale vibarua. Kwa muda mrefu waliishi na jirani zao bila matata makubwa. Lakini ardhi ikiwa na malalamiko yasiyosikizwa, mwanasiasa mwenye nia mbaya hapati shida kuwasha moto. Kuni zimekwisha kukauka. Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, Nandi, na mwaka 1992 yakaenea mpaka Kipkelion, Londiani na Sondu. Watu walioitwa "wageni" waliambiwa warudi kwao, ingawa wengine hawakujua kwao kwingine. Katika Kenya nzima watu wapatao 300,000 walipoteza makao katika miaka ile. Tume ya Jaji Akiwumi iliteuliwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano hayo, na ripoti yake ikatolewa kwa watu mwaka 2002.

Miaka mitano tu baadaye yakatokea makubwa zaidi. Matokeo ya uchaguzi wa Rais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na moto ukalipuka siku ile ile. Katika mashamba ya chai ya Kericho makundi ya watu yaliingia katika laini, yakapiga, yakapora na kuchoma nyumba. Baadhi ya wafanyakazi walilala siku kadha katikati ya miche ya chai, ile ile waliyoichuma, wakijificha. Wengine walikimbilia vituo vya polisi na makanisa, kisha wakapanda malori kwenda Kisii na Nyanza. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi mjini Eldoret, na Kericho ikawaka tena. Mpakani mwa Sotik na Borabu, karibu na soko la Chebilat, Wakipsigis na Wakisii walipigana na nyumba zikateketea pande zote mbili. Katika nchi nzima waliokufa walizidi 1,100, na waliohama makwao walifika karibu 650,000.

Wafanyakazi na jamaa zao 218 walipeleka shauri lao mpaka London, wakidai kwamba kampuni kubwa iliyokuwa juu ya mwajiri wao, Unilever, ilipasa kuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa kulisikiliza huko, ikiona kwamba kampuni ya London haikuwa ndiyo iliyosimamia mambo ya usalama shambani.

Kwa habari ya sheria, dunia imesogea mbele kidogo tangu mwaka 1934. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao wenyewe. Mwaka 2009 nchi za Afrika zilitia sahihi mkataba wao Kampala. Na mwaka 2012 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwalinda na kuwasaidia watu hao. Walakini, waliotolewa katika msitu wa Mau mwaka 2009, na tena katika mwaka 2018 na 2019, wengi wao Wakipsigis wenye asili ya Bomet na Kericho, walikaa miezi na miezi katika vibanda vya karatasi kando ya barabara. Msitu ule ndio mama wa mito na wa mvua ya chai, na kuuhifadhi ni lazima. Lakini mtu aliyeuziwa ardhi kwa hati, hata kama hati yenyewe ilikuwa ya hila, hapotei kama umande jua likitoka. Huenda mahali, na mahali hapo pana watu wengine.

MADAI YA LEO

Watu wa Talai na Wakipsigis wenzao hawakunyamaza. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliandika habari za Gwassi. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa. Mwaka huo huo malalamiko yenye sahihi zaidi ya 100,000 yalipelekwa Umoja wa Mataifa, Gavana wa Kericho wa wakati huo, Profesa Paul Chepkwony, akiwa mstari wa mbele. Na mwaka 2021 wajumbe maalumu sita wa Umoja huo walieleza kusikitishwa kwao. Mwezi wa Agosti 2022 shauri lilifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg. Mfalme Charles alipoitembelea Kenya mwaka 2023 alitaja majuto yake makubwa kwa maovu yaliyotendwa wakati wa ukoloni. Lakini hakuomba radhi kwa maneno yenyewe, na wazee wengi waliliona hilo.

Wakati maneno hayo yakisemwa mashamba yamekuwa yakibadilisha wenyewe. James Finlay, iliyokuja Kericho zaidi ya miaka tisini kabla, iliuza mashamba yake ya Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mashine za kuchuma nazo zimeingia, na laini zilizokuwa na watu tele zina milango mingi iliyofungwa.

Ardhi yenyewe walowezi na kampuni waliipata kwa mikataba ya miaka 999. Katiba mpya ya Kenya ilikata muda huo kwa kila asiye mwananchi, ikasema kwamba hatakuwa na zaidi ya miaka 99. Katiba hiyo ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Ikihesabiwa tangu siku hiyo, miaka hiyo itakwisha mwaka 2109.